Chakula cha Jirani Mgonjwa

Majuzi nilipeleka maharagwe kwenye stoo ya kanisa pale Noonkopir, ambako waumini hukusanya chakula cha kuwagawia wasio nacho kabla ya Krismasi. Mbele yangu alisimama mwanamume aliyevaa tai shingoni, ambaye kila Desemba huleta gunia zima la mahindi. Safari hii alikuja mikono mitupu. Kiwanda chao kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, naye akiwa miongoni mwao, na sote tulijua.

Mama anayegawa chakula alimwona akishikashika tai, akawahi kusema kwa sauti, "Ndugu, umekuja kumchukulia yule jirani yako mgonjwa?"

Jirani huyo hakuwepo; mama alikuwa akimfichia aibu, na angeitikia tu, mambo yangeisha. Lakini akatikisa kichwa.

"Asante, mama. Niko na watoto nyumbani. Nimekuja kujichukulia mimi."

Mama hakusema pole. Alimpimia unga, akaongeza mafuta ya kupikia, kisha akamwambia, "Jioni urudi utusaidie kupanga magunia. Mgongo wangu umekataa."

Alirudi, tai ameiacha nyumbani. Sisi tuliopanga magunia naye jioni hiyo tunashuhudia kwamba bwana huyo anajua kuamrisha watu kuliko kubeba, na tulicheka mpaka stoo ikajaa vicheko.