Siku Tata Alipopimwa Mbele ya Kanisa

Wiki jana nilipita sokoni Malaba kununua omena. Mama mmoja alikuwa ametandaza ugoro juu ya gunia, umefungwa vifungu vidogo kwa ganda la mgomba. Upepo ukaniletea harufu yake, nikapiga chafya mara tatu, na kabla ya ile ya tatu kuisha nilikuwa nimeshakasirika.

"Pole dada, ni hii upepo," yule mama akasema, akidhani nimemkasirikia yeye.

Ningemwambia nini? Hasira yangu ilikuwa juu ya mtu aliyekufa zamani, mzee mmoja wa kanisa letu kule upande wa Amukura. Nakusimulia wewe kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Mimi nililelewa na tata. Sisi Wateso ndivyo tunavyomwita bibi. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jiwe la kusagia, wimbi na muhogo mkavu vikisagwa pamoja, na huko mbali malori yakiguruma kuelekea mpakani. Nilifagia uwanja, nikateka maji, kisha nikaketi karibu naye jikoni akikoroga kunde kwa karanga iliyopondwa. Alinukia moshi, karanga na ugoro. Alivuta ugoro akiamka, akila, akimaliza kula. Alikuwa ameokoka kabla sijazaliwa, na kanisani hakuna aliyemshinda kuimba. Lakini Meza ya Bwana hakuwahi kuiona kwa karibu.

Kisa ni ugoro. Kanisa letu lilikuwa na benchi la nyuma, pale mlangoni, la watu walioitwa "wa nyuma". Mkate ukipita, wao waliangalia vidole vya miguu yao. Kutoka kwenye benchi hilo ilikubidi uache kosa lako tangu kupanda mpaka kuvuna, kisha mtu wa nyumbani kwako asimame mbele ya kanisa zima akushuhudie. Wanawake waliopita kupimwa huko walivaa kitambaa cheupe kichwani, na baadhi yao walikivaa hata wakienda kuchota maji, ili sote tujue.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, tata aliamua kuacha. Weh! Kichwa kilimuuma. Akawa anatafuna muhogo mbichi kutwa. Siku moja alimgombeza mbuzi, akanigombeza mimi, kisha akatuomba msamaha wote wawili. Nikamuuliza kama haogopi kushindwa. Akacheka, akanionyesha nyumba ya mjomba wangu ng'ambo ya ua. Mjomba alikuwa ameijenga mpaka usawa wa madirisha akaiacha, na sasa maboga yalikuwa yametambaa ndani.

"Mungu si kama mjomba wako," akasema. "Yeye hawezi anza mtu halafu amwache hapo katikati. Mimi alinianza, atafika na mimi mwisho."

Karibu na mavuno, dada yake aliyeolewa upande wa Tororo akafa. Tulivuka mpaka kwa miguu, mimi nimebeba kuku, yeye analia njia nzima. Kule matangani vikongwe walikaa kwenye mkeka wakipitisha kikopo cha ugoro, kila mmoja akichukua kidogo na kumtaja marehemu. Ndivyo walivyokuwa wakiombolezana. Kikopo kikamfikia tata. Akakishika kwa muda mrefu. Kisha akachukua chembe, akalitaja jina la dada yake, akavuta. Akageuka, akaniona nimemwona.

Siku ya kupimwa ikafika. Mzee wa kanisa alisimama na tai yake ya kahawia na daftari mkononi. Alipouliza nani shahidi wa mama huyu, nikasimama mimi, kwa kuwa nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Mtoto, bibi yako ameacha ugoro?"

"Ndiyo, mzee."

"Hajagusa hata mara moja?"

Hata mara moja! Mtu mzima kabisa anamuuliza hivyo mtoto wa miaka kumi, mbele ya watu. Nikamtazama tata. Akaniinamishia kichwa taratibu, kama anayesema, sema tu.

"Mara moja," nikasema. "Matangani."

Mzee akafunga daftari. "Mama, rudi nyuma. Bado hujakomaa. Utaanza upya."

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mwanamke aliyekuwa akivuta kutwa mara tano, kwa msimu mzima ameteleza mara moja, tena akimzika dada aliyenyonya naye ziwa moja, na yule bwana haoni kingine ila hiyo mara moja! Kazi aliyokuwa akiisahihisha ilikuwa ya nani? Ilikuwa kazi ya Mungu, naye akaipa sufuri na kwenda zake kunywa chai.

Nyumbani nilikataa kula. Nilijua ni mdomo wangu uliomrudisha nyuma. Tata akanisogezea sahani.

"Kula, mama. Umesema ukweli."

"Lakini wamekufukuza, tata."

"Mwaka jana ningekufinya useme uongo," akasema. "Leo nimekwambia kwa kichwa useme. Sasa ni nani amenigeuza hivyo? Ni huyo mzee na daftari yake?"

Msimu wa pili hakuufikia. Kifua kilimbana mvua zilipoanza, na kwa juma moja tu akaondoka. Mzee wa kanisa alikuja, akasimama pale penye mihogo bila kuingia uani, akasema sheria ni sheria: mtu wa nyuma hazikwi na kanisa. Hakuna mhubiri, hakuna ngoma, na wenye vitambaa vyeupe wasiimbe.

Basi wakaja bila vitambaa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikiwaona wakiingia, wanawake wa kanisa lile lile, wengine vichwa wazi, wengine wamejifunga leso tu, hata usingejua nani wa mbele na nani wa nyuma. Waliimba mpaka kaburi likajaa udongo.

Siku hizi benchi limeondolewa, kuna viti vya plastiki. Hakuna kupimwa, hakuna shahidi. Wale wanawake wamekwisha karibu wote, na jiwe la kusagia sijui lilikwenda wapi. Vijana wakisikia habari hizi wanacheka. Nashukuru hayo yamekwisha, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama na kusema kwamba walimkosea tata.

Kwa hiyo nilipotoka sokoni sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji wa sasa, na omena wangu mkononi. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, hiyo ni mambo ya kitambo. Si usamehe tu?"

"Mchungaji," nikamwambia, "hapo kwa kusamehe Mungu bado ana kazi na mimi, na najua hataniacha njiani. Lakini wewe taja jina la bibi yangu mbele ya kanisa."

Akaangalia saa. Akasema atalipeleka kwa wazee kwanza.

Kwa wazee, tena! Jumapili nitakuwa pale mapema, kiti cha mbele kabisa, nikimtazama.