Mzizi Alioudai Bibi

Usiku ule nililala na ukali wa mzizi wa mlonge bado mdomoni. Mimba yangu ilikuwa changa, ya pili baada ya ile ya kwanza kutoka, na chakula chote kilikuwa kinanichefua isipokuwa chenye ukali. Mama Sefu, mama mkwe wangu, ndiye aliyenipatia ufumbuzi. Alisia mbegu za mlonge kwenye tuta nyuma ya jiko. Miche ikifika magotini anaing'oa, anatwanga mizizi yake kwa chumvi na ndimu, anatia kwenye chupa. Ukiipaka kidogo juu ya muhogo wa kuchemsha, ukali unakupanda puani mpaka machozi yanatoka, na sahani inakwisha.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Mlonge hauna ubaya. Unaongeza damu."

Hakuna aliyembishia. Mtaani kwetu mlonge ni dawa ya kila kitu, kuanzia sukari mpaka mapenzi.

Basi nikalala, na Bibi yangu Mwanahawa akaja.

Namwona yuko uani kwake Muheza, mchana kweupe, amekaa mkekani anachambua majani ya mlonge kwenye ungo. Kwanza nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, nikasimama mbali. Sisi tumelelewa tukiambiwa: marehemu akikulisha ndotoni, usile, akikuomba kitu, usimpe, maana akichukuacho hakirudi. Na mimi nilikuwa nimebeba mtoto.

"Hukaribii, mke mwenzangu?" akasema.

Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nikiwa mdogo, kwa utani, eti babu ni mume wetu sote. Lakini hata hilo sikuliamini. Shetani hashindwi kuiga sauti. Namkagua miguu, namkagua vidole. Vinachambua kama zamani, kijiti huku, jani kule.

Ua unakuwa jiko letu la Tanga. Sikutembea, nimejikuta tu humo, na Bibi amekalia mbuzi ya kukunia nazi ya mama mkwe wangu kana kwamba ni yake. Majani ya mlonge yanachemka kwenye tui la nazi, na harufu inanifanya nimeze mate. Anachota kwa upawa, ananinyooshea. Mtego huo, nikajisemea, nikafumba mdomo. Hakunilazimisha. Aliuweka upawa chini akanyoosha mkono mtupu.

"Nipe hiyo chupa."

Kutazama, kumbe nimeikumbatia chupa ya mizizi tumboni. Nikaikaza zaidi. Hasira zikanipanda: mwanamke aliyenilea, leo anamfuata mwanangu!

"Sikupi kitu, Bibi. Tumekusomea hitima, tumekufanyia kila kitu. Unataka nini tena kwangu?"

Hakukasirika. Anatazama tumbo langu, hatazami chupa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Chini ya miguu yetu sasa ni udongo mbichi. Tuko kwenye tuta nyuma ya jiko, na miche yote imeng'olewa.

"Majani ni yenu mlio juu," akasema. "Mzizi ni wetu sisi wa chini. Nipe chupa, mke mwenzangu, nisije nikaletewa kingine."

Nikamtazama usoni, nikaona analia. Bibi hakuwa mtu wa machozi, hata babu alipofariki tulimlilia sisi. Na anayekutakia mabaya huja anacheka. Nikampa chupa, lakini nilihakikisha mikono yetu haigusani.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilijishika tumbo kabla sijafumbua macho vizuri. Jikoni kinu kilikuwa kinalia.

Mama Sefu alikuwa anatwanga mizizi mipya.

"Mama," nikamwambia, "naomba usinitwangie tena mizizi. Majani nitakula, hata kila siku."

Mchi ukabaki juu. "Nani kakutia maneno?"

"Bibi. Nimemwota. Kasema mizizi tuwaachie wao walio chini."

Nilitegemea anicheke, au aniulize kama nimempa marehemu kitu. Nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni, maana shaka niliyokuwa nayo kwa Bibi ilikuwa imeanza kuhamia kwake. Aliulaza mchi, akaketi chini palepale penye vumbi la jiko.

"Ile mimba yako ya kwanza," akasema, "ulikuwa hutaki hata kuionja mizizi hii. Nikawa nakutilia kwenye mchuzi bila kukwambia. Nilitaka upate damu, mwanangu."

Nilimchukia. Siwezi kusema vinginevyo. Kisha nikaona anavyoniangalia akisubiri nimwambie kwamba si hiyo mizizi iliyoitoa. Nikakaa chini karibu naye, nikalia, na sikumwambia.