Yai Linasikia

Wakenya wenzangu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Louisville, nawaambia ninafuga heroe, hao flamingo, nao hucheka mpaka wakohoe. Mtu ametoka Nakuru, ziwani kwenyewe kwa heroe, akavuka bahari kutafuta digrii, kumbe alikuja kufagia mavi ya heroe. Wacha wacheke. Nawapenda ndege hawa kuliko watu wengi ninaokaa nao kanisani.

Walikuwa kumi na wawili, na tangu niajiriwe kwenye bustani ya wanyama hawakuwahi kutaga. Heroe si kuku. Hafikirii ndoa mpaka ajione katikati ya umati, na kumi na wawili kwake ni upweke mtupu. Msimamizi wangu, mama mmoja mkavu wa maneno, akaagiza vioo virefu tukavisimamisha kando ya bwawa. Nilimcheka kimoyomoyo. Baada ya wiki chache ndege wakaanza kuandamana mbele ya vioo, shingo juu, wakigeuza vichwa huku na huku kwa pamoja kama kwaya. Kisha wakaanza kukusanya tope kwa midomo na kujenga viota mfano wa vichuguu. Walidanganywa, na uongo ukawafaa. Mimi nikirudi kwangu Jeffersontown nilikuwa na kioo cha bafuni, na hakijawahi kunifaa kwa lolote.

Lilitagwa yai moja. Baba na mama walililalia kwa zamu, na siku chache kabla ya kuanguliwa nikasikia mlio mwembamba ndani ya ganda. Mama akainamisha shingo akaujibu. Msimamizi akanieleza kuwa ndivyo wanavyojuana: kifaranga hujifunza sauti ya wazazi angali yaini, na akitoka ataitambua hata katikati ya maelfu. Huyu wetu alitoka wa kijivu, mdomo umenyooka, hafanani nao hata kidogo. Wakamlisha maziwa mekundu yanayotoka kooni mwao, na kadiri alivyonenepa wao wakapauka, rangi ya waridi ikawatoka. Hilo la kupauka nililielewa. Lililoninyima usingizi ni la yai.

Nina binti wa miaka tisa. Mama yake alipokuwa mjamzito tuliishi Columbus, jirani na Morse Road, na kila jioni nililiinamia tumbo nikiongea na mtoto kwa Kiingereza, kile cha kusoma taarifa ya habari. Shuleni kwetu ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani ulivishwa kipande cha mbao shingoni siku nzima, nami niliapa mwanangu hatachekwa na mtu.

"Si uongee na mtoto kama mtu?" mama yake aliniambia. "You sound like a bank."

Nikamjibu kuwa mtoto atanishukuru. Hakunishukuru. Tuliachana, mimi nikaja huku, wao wakahamia Buffalo, East Side, mama yake alikopata kazi ya uuguzi. Kila Jumapili nampigia binti yangu simu, ananijibu kwa adabu kama anayejaza fomu, tunaagana. Nilikuwa nampoteza, na nilijua kosa ni langu.

Mama yake ndiye aliyeniambia kuwa mtoto anashinda kwa majirani Wakongo na sasa anaongea Kiswahili cha Goma kama maji. Niliona wivu, halafu nikaona tumaini. Nikaamua kuongea naye kwa sauti yangu yenyewe, ile niliyolelewa nayo. Nilifanya mazoezi mbele ya ndege, nao hawakunicheka.

Siku moja ya shule sikungoja Jumapili; simu yangu ilikuwa imezama bwawani, nikapiga kwao kwa simu ya kazini. Akapokea binti yangu mwenyewe, namba asiijue.

"Mama, hujambo?" nikasema, maana amechukua jina la mama yangu mzazi, na kwetu binti wa hivyo ndiye mama. "Umerudi kutoka shule? Umekula?"

"Mama hayiko, ameenda ku kazi," akajibu, akidhani namuulizia mama yake. Sauti ilikuwa changamfu, sijawahi kuisikia. "Bon, ni nani anasema?"

Hakungoja jibu. Labda alinidhania mmoja wa wazee wa kanisa la majirani, maana akaanza kunisimulia jinsi wanavyotwanga sombe, yale majani ya mihogo, jinsi mchi ulivyomponyoka ukamwangukia mguuni, na yule mama wa jirani alivyocheka mpaka akakaa chini. Akacheka na yeye. Nikacheka naye, machozi yananitoka, nikamwambia pole, nikamuuliza mguu unaendeleaje. Hajawahi kuniambia mengi kiasi hicho tangu azaliwe.

Ningeweza kumwacha aendelee. Lakini nilitaka ajue anacheka na nani.

"It's Dad," nikasema, Kiingereza kikinitoka chenyewe.

Nilimsikia akivuta pumzi, akijipanga.

"Oh," akasema. "Hi, Dad. Mum's at work."