Michi Miwili, Kinu Kimoja

Nilipofika nyumbani kumzika nyanya yangu, kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni kinu. Kilikuwa kimepinduliwa kando ya ghala, kuku wawili wamekaa juu yake. Siku hizi watu wa Nunguni wananunua muthokoi uliokobolewa kwa mashine, na sijui kama kuna msichana pale anayeweza kukuambia uzito wa mchi. Nilifukuza kuku, nikaketi. Barabarani gari la kampeni lilikuwa linapita na vipaza sauti vyake, na ndipo yote yakanirudia.

Wewe kama ulilelewa milimani kwetu unajua muthokoi unavyotengenezwa. Mahindi makavu yananyunyiziwa maji kidogo, yanatwangwa hadi maganda yatoke, yanapepetwa, kisha yanachemka na maharagwe tangu asubuhi hadi ua mzima unanukia. Kazi hiyo nyanya hakuifanya peke yake. Kila Jumamosi jirani wa shamba la chini alikuja na mchi wake begani, wakatwanga kwa kinu kimoja, mmoja akishusha, mwingine akiinua. Tu-tu. Tu-tu. Ukikosea kidogo michi inagongana. Wao hawakukosea, na hapo walikuwa wanaongea bila kunyamaza.

"Mutui, mchi wako leo umelala," nyanya alimwambia. Mutui kwetu ni jirani.

"Heri wangu umelala. Wako unaruka kama mbuzi wa mahari."

Ukungu ukiwa bado haujaondoka, nilisikia na vinu vya ng'ambo ya bonde, michi miwili miwili. Mwalimu wetu alipotufundisha neno taifa, mimi nilidhani anazungumza juu ya sauti ile. Sikuwa na picha nyingine.

Jirani yule alizaliwa upande wa Kitui. Alivuka Mto Athi akiwa bibi harusi, kabla hata mama yangu hajazaliwa. Mkamba kama sisi, kanisa moja na sisi. Sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyetoka mahali, hadi mwaka ule wa kura.

Wagombea wawili walitaka kiti kimoja. Mmoja alikuwa wa vilima vyetu, na wa pili wazazi wake walikuwa wametoka ng'ambo ya mto. Kampeni ilianza na maji na barabara, lakini ilipopamba moto ikawa ni nani wa hapa na nani si wa hapa. Nyanya alinipeleka mkutanoni sokoni, akapewa leso. Mtu wetu akashika kipaza sauti akasema waliovuka mto wavuke tena, warudi kwao. Watu wakacheka. Vijana wakayageuza maneno yale wimbo papo hapo. Na nyanya yangu, aliyenifundisha kumsalimu kila mtu njiani, akapiga vigelegele. Nilikuwa nimemshika mkono.

Sidhani alimkumbuka jirani yake wakati ule. Sidhani kuna mtu pale aliyekuwa akimfikiria mtu anayemjua.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa kumwita jirani. Nilienda nikiimba wimbo ule, kwa sababu ulikuwa na mdundo mzuri. Alikuwa anapura maharagwe uani. Akaacha.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Mkutanoni. Hata Susu alipiga vigelegele," nikasema, maana nyanya tulimwita Susu.

Akageukia maharagwe yake. "Haya. Mwambie nimesikia. Atwange peke yake."

Nilirudi nikamwambia nyanya kwamba jirani ana kazi nyingi. Niliogopa kuchapwa kwa ajili ya wimbo. Jumamosi ya pili nikasema vivyo hivyo bila hata kwenda. Ya tatu, nyanya hakunituma.

"Kumbe ni kweli wanayosema juu ya hawa watu," akasema. "Mtu anakaa na wewe miaka yote hii, na moyo wake uko kwao."

Maneno hayo sijayasahau, kwa sababu ni mimi niliyempa sababu ya kuyasema.

Akatwanga peke yake. Tu. Tu. Nilijaribu kushika mchi wa pili, nikaugonga wake, akaniambia niache. Mtu wetu alishindwa, na kabla ya kura nyingine akawa rafiki wa aliyemshinda, wakipanda jukwaa moja, wakicheka. Wanawake wale wawili hawakurudiana. Walisalimiana mlangoni mwa kanisa, mkono tu, macho kando. Na mimi nikakua nikimwuliza kila mgeni swali moja kabla ya jina lake: wewe ni wa wapi? Nilipokuwa nauza machungwa soko la Kambu niliwauliza hata wateja. Mpaka leo linanitoka.

Basi nilikuwa bado nimeketi juu ya kinu jirani alipoingia, mgongo umepinda, anauburuta mchi wake.

"Toka hapo, mwanangu," akasema. "Mutui wangu hatazikwa kwa chakula cha mashine."

Nilikisimamisha kinu, nikakiosha, nikaleta mahindi. Akaanza. Alishusha mchi, akauinua, akangoja. Akashusha tena, akangoja. Nikajua anamwachia nani nafasi ile, na nikashindwa kunyamaza.

"Susu hakujua," nikasema. "Sikumpelekea maneno yako. Nilimwambia una kazi."

Mchi ukasimama. "Na vigelegele?"

Ningeweza kumfutia nyanya hilo. Hayupo wa kunipinga.

"Alipiga."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama barabarani.

"Hata mimi nilikuwa na leso yangu," akasema. "Ya yule mwingine. Kwa mikutano yake walituambia nyinyi wa milimani ni wachoyo, mnatufichia maji. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka hadi machozi. Haya, lete mchi wake."

Niliuleta. Tuligongana mara tatu, na mara zote alinisubiri nianze upya. Gari la kampeni lilikuwa linarudi, likisema juu ya sisi na wao kwa sauti iliyofunika kinu kabisa. Yeye hakuinua kichwa. Muthokoi wetu ulijaza sufuria ndogo tu. Waombolezaji wengine walikula wa mashine.

Asubuhi za Nunguni sasa ni pikipiki na redio. Nimesikiliza ng'ambo ya bonde, hakuna michi. Watu husema mashine ndiyo iliyoimaliza sauti ile, na huenda ni kweli kwingine. Kwetu iliisha mapema zaidi, siku mtoto alipopewa maneno machache ayapeleke nyumbani, akayameza njiani.