Siku Niliyombeba Mkurugenzi

Aibu hii ningependa nizikwe nayo, jamani, lakini kuna mtu alikuwa na simu ufukweni siku ile, akaniwahi, kwa hiyo wengi wenu mmeshaniona, nami naona bora mnisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana ile video inaanzia katikati na haionyeshi mtu mzima, baba wa watoto, diwani aliyepigiwa kura, alifikaje pale.

Kata yangu ipo ufukweni, kaskazini mwa Kigoma, ukishapita Mwamgongo kuelekea Kagunga, na barabara hatuna, barabara yetu ni ziwa. Pale kwetu boti haigusi nchi kavu (mawe yangeipasua), inasimama maji yanapomfika mtu kiunoni, na abiria anashuka kwa kubebwa. Yupo bwana mmoja tunamwita Meli, jina lake la nyumbani nadhani hata mkewe ameshalisahau, kazi yake ni hiyo, anainama ubavuni mwa boti, unampanda mgongoni, anakufikisha mchangani mkavu kama ulivyotoka kwenu. Tangu niwe diwani nilikuwa nikililia gati, na kila mwaka gati linaingia kwenye mpango wa halmashauri likiwa zima na linatoka limekatwa, eti watu wa kule wanashuka hivyo tangu enzi za babu zao na wamezoea.

Sasa tukapata mkurugenzi mpya, mtu wa Iringa, mrefu, mpole, anayevaa suti hata kwenye joto, akasema atakuja mwenyewe kuzungumza na wananchi. Moyoni nilifurahi, ila nilikuwa nimeshadokezwa na mtu wa ofisini kwamba anakuja kutuomba tuvumilie, gati lisubiri tena. Kwa hiyo nilitaka siku hiyo kila kitu kiende sawa, mgeni apokelewe mpaka aone haya kutunyima.

Boti ya halmashauri ikafika asubuhi, ziwa limetulia, kijiji kizima kipo ufukweni, watoto wa shule wamepangwa mstari na mwalimu wao amewaambia waimbe bila kukatisha mpaka mgeni akanyage mchanga. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mama mkwe wangu na kitenge kipya. Meli ameshakunja kaptula yake, anaingia majini, na mimi nimesimama pale na suti yangu, ndipo likanijia lile wazo. Nikaona kwamba picha itakayopigwa ni ya mkurugenzi na Meli, na mimi, mheshimiwa diwani, nitaonekana nyuma kama mtu anayesubiri kifurushi chake. Nikamwambia Meli akae pembeni, mgeni huyu ni wangu.

Meli akaniangalia mabega, akamwangalia mkurugenzi kule juu ya boti, akasogea. Ningekuwa na akili timamu, yale macho yangenitosha.

Kosa la pili nililifanya kwa heshima. Mtu anayeingia majini anakunja suruali, lakini mimi mbele ya mama mkwe hata chakula sili, sembuse kumwonyesha miguu, nikaona ni utovu wa adabu, nikaingia na suruali ya suti vilevile, nzito, ya kitambaa kile cha harusi. Kufika kwenye boti imeshakunywa maji, inanivuta kiunoni kama mtoto anayetaka pipi. Mkurugenzi akasita, akaniuliza, "Mheshimiwa diwani, una uhakika?" Nikamwambia panda tu, Mkurugenzi, sisi ndiyo maisha yetu (uongo mtupu, mimi mwenyewe kila siku nabebwa na Meli).

Akapanda. Yule bwana ukimwona kwa mbali ni mwembamba, lakini mgongoni alikuwa na uzito wa watu wawili na mizigo yao. Nikapiga hatua chache, watoto wanaimba, wanawake wanapiga vigelegele, nikaanza hata kutabasamu upande wa simu, na hapohapo nikahisi suruali inashuka. Haikuporomoka, ilishuka polepole, kwa mpango, ikapita nyonga, ikawa inaelekea mapajani. Nawaomba mjiweke kwenye nafasi yangu, mikono yangu yote miwili imeshika miguu ya mkurugenzi, mbele yangu kijiji, katikati ya kijiji mama mkwe. Nikajiambia nitaachia mkono mmoja tu, kidogo tu, niivute.

Nilipoachia, mkurugenzi akaning'inia upande, akatafuta pa kushika, akapata masikio yangu, nami nikakanyaga jiwe lenye utelezi, tukaenda chini wote wawili, yeye juu, mimi chini, na ziwa likatufunika. Nilipoibuka nilikuwa nimemshika mkurugenzi kwapani kama mtu aliyeokoa, na kweli watu walianza kupiga makofi, nikasimama wima ili nionekane, na suruali ikabaki chini kwenye vifundo vya miguu. Maji pale yalikuwa ya magotini. Makofi yakakatika. Watoto peke yao ndio walioendelea, karibu mgeni wetu, karibu sana, kwa sababu mguu wa mgeni ulikuwa haujakanyaga mchanga, na mwalimu ni mwalimu. Mama mkwe wangu alikuwa amejifunika kitenge chote usoni, na kitenge kinatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Meli ndiye aliyekuja kumbeba mkurugenzi kumalizia safari. Mimi nilitokea kwa pembeni, kupitia migomba, nikafika nyumbani nikajifungia, nikamwambia mke wangu aende kuwaambia nimepata homa. Mke wangu alikuwa ameshapata habari (habari kwetu zinakimbia kuliko boti), akanitupia suruali kavu kitandani na kusema, "Rudi mkutanoni. Wamekwisha kuona kila kitu, kilichobaki ni kukusikia."

Nikarudi. Mkutanoni nikamkuta mkurugenzi kwenye meza kuu amevaa jezi ya timu yetu ya kijiji, mgongoni namba tisa, na chini kitenge alichopelekewa na mama mkwe wangu. Hotuba yake ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, imekuwa uji. Nikaketi pembeni yake bila kumwangalia, nikafungua mkutano kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwangu, nikauliza kama kuna mwananchi mwenye neno, nikimwomba Mungu asiwepo hata mmoja.

Akasimama mama mkwe. Mimi naye hatujawahi kuongea mbele za watu, na yeye Kiswahili chake ni cha kuchanganya na Kiha, lakini siku hiyo alikisema taratibu, kila neno likae. Akamwamkia mkurugenzi, mwakeye, baba, akampa pole ya maji. Halafu akasema, "Leo mmeanguka wanaume wawili wazima, asubuhi, ziwa limelala, na sisi tumecheka. Mwanangu Neema alibebwa palepale akiwa na uchungu, ziwa limechafuka, boti haishikiki. Alijifungulia majini kabla hatujampandisha. Mtoto hakupata hata jina. Siku hiyo hakuna aliyecheka."

Akakaa. Neema ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na habari hiyo kila mtu kijijini anaijua, lakini haikuwahi kusemwa mbele ya mgeni. Mkurugenzi aliinamisha kichwa, nywele bado zinadondosha maji. Alipoinuka hakujisafisha koo wala hakutusalimu upya. Alisema, "Nilikuja na hotuba ya kuwaeleza kwa nini gati lisubiri. Imelowa, siwezi kuisoma. Na hata ingekuwa kavu, sasa nisingeisoma."

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Kwenye baraza la madiwani nilipoinuka kuomba gati, ukumbi mzima ulianza kukohoa kukohoa kule kwa watu wanaozuia kicheko, maana video ilikuwa imefika Kigoma mjini, Ujiji, nasikia mpaka Bujumbura kwa ndugu zetu. Zamani ningekaa. Safari hii niliwaacha wacheke mpaka wakachoka, kisha nikawaambia waheshimiwa, nashukuru mmeiona wote, kwa hiyo leo hakuna atakayesimama kusema kwamba kwetu watu wanashuka salama. Mkurugenzi akaongezea kwamba yeye ni shahidi, alikuwepo, alikuwa juu. Hapo hata mwenyekiti wa baraza alishindwa, akacheka mpaka akavua miwani, na gati likapita bila mkono mmoja wa kupinga.

Sasa lipo, la zege, limeingia ziwani mpaka kwenye kina, boti inafungwa ubavuni na watu wanashuka kwa miguu yao. Lina jina lake rasmi kwenye kibao, lakini ukipanda boti Kibirizi, kule Kigoma mjini, yule fundi wa mashine atakuuliza kama unashukia Kwa Suruali, na mimi nimekubali, kuna watu mitaa imepewa majina yao kwa mambo madogo zaidi. Meli ana toroli, anasukuma magunia ya dagaa kutoka gatini, na anasema mgongo wake umepona.

Mwezi uliopita Neema alipita juu ya lile gati na mimba kubwa, polepole, mkono kiunoni, anakwenda Kigoma kusubiri siku zake, mama yake nyuma na beseni. Alipanda boti kama mtu anayepanda ngazi ya kwao. Amejifungua wa kike, mzima, na jina analo.

Ila nimeapa, na mke wangu ni shahidi. Watoto wangu nitawabeba, gunia la mihogo nitalibeba, mgonjwa nitambeba popote. Mkubwa akija kwetu, na atembee. Njia ipo.