Kilio ya Mugeni pa Baraka

Barafiki, leo bantu balinipa pole ya kifo ya muntu sijapata kumuona.

Asubuhi nilishuka kutoka Fizi mpaka ku bandari ya Baraka, kukamata meli ya Uvira. Wapi! Eti itafika kesho.

Basi niko mi peke yangu hapa Baraka. Nilioga ku ziwa, nikanyolewa, nikazunguka soko mara tatu. Jua bado iko juu tu.

Halafu nikaona bantu bamekaa ku kilio. Kwetu muntu hapite kilio bila kukaa kidogo, si munajua? Nikaingia.

Mama mumoja aliona sanduku yangu ya safari, akaruka, akanishika mikono yote mbili.
"Aksanti Mungu! Ndugu ya marehemu amefika!"

Bakanipa kiti ya mbele. Bakaanza kulia upya.

Ninyi mungesema nini?

Mi nikasema polepole: "Mama, niko mupita njia. Nangoya meli."



Akaachia mikono yangu.
"Na yeye alikuwa anangoya meli. Homa ikamuua. Hatujue jina yake, hatujue kwao. Tulizani ni we utatuambia."

Sasa nimerudi pembeni ya maji. Nimeandika jina yangu na ya kijiji yetu ku karatasi, nimeitia mu mufuko ya shati.