Miguu ya Mama

Kila nikimenya kitunguu saumu, vidole vyangu hunuka kama siku ile mama alipoanguka na pikipiki akipeleka vitunguu saumu mnadani Dongobesh. Usukani ulimgonga tumboni. Hakutoka damu hata tone, ila miguu yake ilikuwa ya baridi kama udongo wa alfajiri. Shangazi alitaka kumkanda tumbo kwa samli. Baba akakataa, akamkimbiza hospitali.

"Mshipa mkubwa unaopeleka damu miguuni ulichanika tumboni," daktari alituambia baada ya upasuaji. "Tumeushona. Sasa tunasubiri miguu ipate joto."

Asubuhi nilimshika unyayo. Ulikuwa na joto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Acha kunitekenya," akasema, akanipiga teke.

Baba, mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka muuguzi akamtoa wodini.